Beji ya Maadui Mia

Nyumbani, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Kwanza nijue hali yako. Kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea mara ya mwisho kimekuachia, au bado unakohoa na kuwaambia watu kwamba ni vumbi tu? Na wifi je, na wale wawili wanaorefuka kama wanamwagiliwa maji asubuhi na jioni? Sisi huku ni wazima. Tunakula, tunalala, tunagombana kidogo na kucheka zaidi. Barua hii haina msiba ndani yake, kwa hiyo vuta kiti uisome taratibu.

Baba alifanyiwa upasuaji wa macho mwezi wa saba, la kushoto kwanza, la kulia wiki tatu baadaye. Mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyoomba. Shida ni kwamba sasa anaona. Siku aliyotolewa bandeji alizunguka nyumba nzima mikono ikiwa mgongoni, akasimama mbele ya kabati, akasema, "Kumbe mmekaa na vumbi hili lote miaka miwili, halafu mkaniita mimi ndiye kipofu." Tumefagia mpaka uvunguni. Anasema picha uliyotuma safari hii ameiona kwa macho yake, hakusimuliwa.

Kazi ninayo. Sare za shule nimemaliza, sasa nashona makoti ya wahudumu wa maabara, meupe pepepe, ambayo ukiyagusa tu na kidole chenye mafuta ya cherehani umejiletea balaa. Nanawa mikono kama daktari.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Umesikia kwa shemeji yako kwamba tumeingiza tuzo kwenye mchezo wetu wa hadithi, nawe unataka kufanya hivyo huko na wenzako wa kazini. Ukaomba nikutumie orodha ya tuzo zote. Orodha siitumi, mdogo wangu. Nitakueleza kwa nini, nawe univumilie, maana habari yenyewe ni ya binamu yetu Rangi kuliko ya tuzo.

Kama wifi anasoma pembeni yako, mwambie mchezo ni ule ule ulioutunga wewe na kuniachia daftari lake ulipoondoka. Watu wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake wa kubuni. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayeeleza walipofika na kinachowakuta. Wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu yenye pande ishirini inaamua kama wamefaulu. Hakuna mshindi. Ni hadithi tu, ila mwisho wake hakuna anayeujua, hata msimulizi. Basi.

Tunacheza kila Jumamosi alasiri, watu wanne. Mimi ndiye msimulizi. Shemeji yako ni askari mwenye ngao. Shangazi, baada ya miaka thelathini na moja ya unesi katika chumba cha upasuaji, amechagua kuwa mwizi, na anaiba kwa moyo wake wote. Wa nne ni Rangi. Yeye alianza kuja mwezi wa kwanza, tangu Mjomba atutoke na ile nyumba yao kubaki na watu wawili, yeye na redio. Mhusika wake ni mchora ramani. Anatembea na wenzake akichora njia walizopita, na kweli anazichora, mezani, kwa penseli. Ungeziona ramani hizo ungezitia kwenye fremu.

Tuzo zililetwa na shemeji yako. Unajua kazi yake ya kutengeneza lifti, kuna saa nyingi za kusubiri kipuri au kusubiri mwenye ufunguo wa chumba cha mitambo. Saa hizo anacheza michezo ya kwenye simu. Ukimaliza jambo fulani, simu inalia, nyota inatokea, na jina la ushujaa wako linaandikwa: umeruka mara hamsini, umepita mlima bila kuanguka. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita alikuwa anarudi nyumbani ananionyesha nyota. Siku moja akasema, "Hivi kwa nini na sisi tusiwe nazo? Wewe una cherehani ya kutarizi imekaa bure."

Nilipenda wazo hilo, sitakudanganya. Nilimshonea kila mtu kizibao cha kitambaa cha kijivu, nikabandika ukutani orodha ya tuzo ishirini na nne, na kila aliyetimiza moja alipata beji ya kutarizi, nikaishona kifuani. Beji nyingine zilikuwa na faida mezani, kwa mfano kurusha dadu mara ya pili ukikosa. Miezi miwili ya kwanza tulicheka mpaka mwenye duka la viatu akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Shangazi alipata beji ya Kufuli Kumi kabla ya wote, akavaa kizibao chake kwenda kliniki kupimwa presha. Manesi wenzake wa zamani walipouliza, akawajibu kwamba ni mambo ya chama.

Lakini mchezo ulianza kubadilika, na mimi sikuona, au niliona nikajifanya sioni. Zamani tukifika kijijini, Shangazi alikuwa anauliza wenyeji wanaishi vipi, nani amegombana na nani. Sasa anauliza milango iko mingapi. Shemeji yako alikuwa anahesabu maadui kwa vijiti pembeni mwa karatasi, kama mtu anayehesabu siku za kutoka jela. Nikitoa habari ya mto au ya mvua anaitikia ndiyo ndiyo, macho yakiwa ukutani kwenye orodha.

Na Rangi alikuwa hana beji hata moja. Orodha ile tuliiandika mimi na shemeji yako jioni moja, na humo hakukuwa na tuzo ya kuchora, wala ya kusikiliza, wala ya kubaki nyuma na aliyeumia. Mtu amekuja wiki baada ya wiki, anavaa kizibao kitupu, anakunja mikono kifuani.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita ndipo palipoharibika. Nakueleza kama ilivyokuwa. Wiki iliyotangulia tuliishia kwenye korongo: wamepigana na walinzi wa njia, walinzi wengine wamekimbia. Amebaki mmoja, kijana, ametupa mkuki chini na mikono ameinua. Rangi akasema mchora ramani anataka kuzungumza naye.

Unamjua Rangi anavyozungumza. Kigugumizi chake hakijapungua tangu utotoni, na akiwa mbele ya watu kinazidi. Sitaandika maneno yalivyotoka, nitaandika maneno yenyewe. Alimwambia yule mlinzi: wewe umezaliwa huku, sisi tumepotea, wenzako wamekuacha, hatuna ugomvi na wewe. Ilimchukua muda. Nilikuwa namsikiliza huku nimeshangaa, kwa sababu tangu mwezi wa kwanza hakuwahi kusema maneno mengi namna hiyo mezani kwetu. Kisha akakwama. Kichwa kinatikisika, mdomo umefunguka, neno halitoki.

Shemeji yako alikuwa na vijiti tisini na tisa.

Alirusha dadu. Ikasimama kwenye kumi na tisa. Akasema, "Nimempiga. Mia." Akainua mikono, Shangazi akapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Mbaya zaidi, beji ya Maadui Mia nilikuwa nimeshaitarizi tangu Alhamisi. Nilifungua droo nikamkabidhi hapo hapo. Mimi ndiye msimulizi, mdogo wangu. Kazi yangu ilikuwa kusema "subiri," neno dogo tu, na sikulisema.

Rangi alikusanya penseli zake, akavua kizibao akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti, akaaga kila mtu kwa mkono. Hakuonyesha hasira hata chembe. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikimpigia simu ananijibu kwa ujumbe, "Niko sawa, kazi nyingi." Ya tatu Shangazi aliweka kikombe mezani akasema, "Mgonjwa akisema niko sawa mara tatu, huyo ndiye wa kumtazama kwanza. Nenda kamwone."

Nilikwenda Jumatano. Karakana yake iko nyuma ya kiwanda cha uchapaji, mlango wa bati wa kuviringisha ambao hupanda nusu na kukwama, inabidi uiname kuingia. Alikuwa anaandika kibao cha zahanati, herufi kubwa za bluu. Alikuwa amefika MAPOK. Akanisogezea ndoo niikalie, akaendelea na E.

Nikamuuliza, "Umetukasirikia?"

"Hapana, dada."

Alichovya brashi. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimejiapia njiani kwamba safari hii sitamkatiza hata akikaa kimya saa nzima. Akamaliza E, akaanza Z, ndipo akasema, "Nilikuwa nimebakiza neno moja."

"Neno gani?"

Akaifuta brashi kwenye kitambaa. Akalitafuta neno, akalipata. "Karibu."

Alitaka kumwambia yule mlinzi ajiunge nao. Alikuwa ameyaandaa maneno yale wiki nzima, huku anapaka rangi, akichagua yale yanayotoka kwa urahisi. Herufi ya K ndiyo inayomsumbua kuliko zote, kwa hiyo aliiweka mwisho kabisa, akijua kwamba akifika pale atakuwa ameshapita pote pengine. Hayo yote aliniambia bila kunitazama, anajaza Z rangi. Kisha akasema, "Mimi najua ni mchezo tu." Akarudia, "Najua ni mchezo." Nikaona macho yake. Nikaaga.

Nilipofika nyumbani shemeji yako alikuwa kwenye sinki anasugua grisi mikononi. Nikamweleza neno kwa neno. Aliacha maji yakimwagika mpaka nikayafunga mimi. Akajifuta, akachukua kizibao chake na wembe, akaenda kukaa dirishani kufumua ile beji. Utarizi wangu haufumuki kirahisi, namshukuru Mungu kwa hilo, kazi ni kazi. Ilimchukua zaidi ya saa nzima, uzi mmoja mmoja. Mimi nikabandua orodha ukutani.

Unajua si mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaenda karakana na kisanduku chake cha spana, akautengeneza ule mlango wa bati. Kutwa nzima. Amebadilisha springi, ametia grisi, sasa unaupandisha kwa kidole kimoja. Alipomaliza, na hili nimelisikia kwa Rangi mwenyewe, aliketi na spana mkononi akasema, "Shemeji, nilikukatiza. Haikuwa sawa. Kesho ukija, nitakaa." Rangi akacheka, akamwambia hata sasa umekaa juu ya kopo langu la rangi. Na kweli suruali ile sijaweza kuitoa rangi mpaka leo.

Jumamosi Rangi alikuja. Tukakaa, kila mtu anamwangalia mwenzake, na tatizo likabaki palepale: mlinzi alishakufa. Nikawa najiumauma, maana katika daftari lako umeandika kwa wino mwekundu kwamba kilichosemwa na dadu hakirudishwi nyuma. Shangazi ndiye aliyetuokoa.

"Naomba kuuliza," akasema. "Nani alimpima mapigo?"

Hakuna aliyempima.

"Basi hajafa. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja, sijawahi kuandika kifo cha mtu kwa sababu askari amesema." Mwizi wake akapiga magoti pale korongoni, akashika mkono wa mlinzi. Nikamwambia arushe dadu, akipata kumi na mbili au zaidi mapigo yapo. Akapata kumi na mbili kamili. Usiniulize kama niliitazama vizuri dadu ile.

Mlinzi akafumbua macho. Rangi akaanza upya, maneno yale yale, na alipofika mwisho akakwama palepale. Hakuna aliyemsaidia neno, hakuna aliyetazama pembeni. Shemeji yako alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, kweli kabisa, ameiweka chini ya mapaja. Nilisikia cherehani ya jirani inaanza na kusimama.

"Karibu," akasema Rangi.

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu kwa niaba ya mlinzi, na sikuwa nimejiandaa. Nikasema mlinzi ameokota mkuki wake, ameugeuza ncha chini, amewafuata. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, tumeimbiwa hivyo tangu darasa la kwanza, lakini siku ile niliona nyoka mwenyewe akitoka. Mlinzi yuko nao mpaka leo. Shangazi amempa jina la Marehemu, ndiye mpishi wao, na hawajapotea njia tangu siku hiyo.

Kwa hiyo tuzo hatukuzifuta, mdogo wangu, maana zilituletea furaha pia na si haki kuzisingizia. Ila siku hizi haziandikwi kabla. Tukimaliza kucheza, kila mtu anasema jambo moja alilofanya mwenzake ambalo angependa likumbukwe, na wote wakikubaliana ninalitarizi katikati ya wiki. Hatuhesabu chochote. Shangazi amepata ya Aliyerudi Kumchukua Punda. Shemeji yako amepata ya Aliyekalia Mikono, na anaipenda kuliko nyota zote za simu yake. Rangi anazo tatu. Na jambo jingine: nimegundua watu wanaanza kuangaliana. Zamani kila mmoja alisubiri zamu yake tu. Sasa wanasikiliza za wenzao, wasije wakakosa la kusema mwishoni.

Ndani ya bahasha utakuta vipande sita vya kitambaa, nimevikunja pindo lakini viko vitupu. Hivyo ndivyo mbadala wa orodha. Usiviandike mpaka mmalize kucheza. Na kama huko kwenu hakuna anayejua kutarizi, kalamu ya wino usiofutika inatosha, mradi mtu alione jina la alichokifanya.

Habari ya mwisho ni ya jana. Mafua yalinikamata Jumatano, na kufikia Ijumaa sauti ilikuwa imekwenda kabisa, nabaki kuashiria kama polisi wa barabarani. Walipofika jana nikawaandikia kwenye karatasi kwamba hatutacheza. Shangazi akasema yeye atasimulia, nasi sote tukaingiwa na hofu, maana hadithi ya Shangazi ingekuwa na operesheni. Kabla hajasogea, Rangi alikuwa ameshavuta kiti cha msimulizi amekaa. Akasema, "Leo mimi."

Alisimulia kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja na nusu. Kigugumizi kilikuwepo, hakikwenda popote. Lakini alikuwa haharakishi, na sisi hatukuwa na pa kukimbilia. Alituchorea mji mzima kwa penseli huku anaueleza, mtaa kwa mtaa, mpaka nikajua bucha iko wapi na mbwa gani anauma. Mimi nilipewa mhusika kwa mara ya kwanza tangu uondoke: muuza chumvi, mguu mmoja mbovu, hajui kuogelea. Tulipofika kwenye mto uliofurika, Rangi akanigeukia akauliza, "Dada, unafanya nini?"

Swali hilo nimewauliza watu kwa miaka mitatu, kila Jumamosi, na sikuwahi kujua uzito wake. Nilikuwa sijui ng'ambo kuna nini. Nilikuwa sijui hata kama kuna ng'ambo. Nikaonyesha kwa kidole kwamba naruka. Nikarusha dadu, nikapata tatu.

Nilizama na chumvi yangu yote, na shemeji yako akaacha ngao akanifuata majini, na sikumbuki lini mara ya mwisho nimecheka bila sauti mpaka machozi yakanitoka. Shangazi na Rangi wakaondoka bado wanabishana kama chumvi ingeweza kuokolewa. Leo asubuhi niliposhika sindano ndipo nilipotambua kwamba jana hakuna hata mmoja wetu aliyeulizia tuzo.

Nisalimie wifi sana, na wale wawili uwabane mashavu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, anasema utume picha kubwa zaidi. Shangazi anauliza presha yako, usimdanganye. Shemeji yako anasema lifti za huko kwenu ukizipanda usikilize kama zinagugumia ukifika juu. Rangi naye anakusalimu, na ameahidi kukuchorea ramani.

Mungu akulinde ulikolala na unakoamkia, akupe kazi isiyokuchosha roho na watu wa kukaa nao mezani.

Nakupenda na nakukumbuka,

Dada yako